Sikukuu ya somo wa parokia: mwongozo kamili, kutoka kikao cha kwanza hadi kurudisha sufuria

Tumsifu Yesu Kristo.

Kwetu pwani neno "somo" lina kazi mbili. Somo wako ni yule mnayeitana jina moja, na somo pia ni yule mama anayemfunda mwari kabla hajaolewa. Mtakatifu tunayepewa jina lake siku ya ubatizo naye tunamwita somo, na naona maana zote mbili zinamfaa: anatupa jina, kisha anatufunda. Parokia nayo ina somo wake. Mkiandaa sikukuu yake, watu wakarudi nyumbani wameshiba pilau lakini hawajui aliishi vipi, basi mwari ametolewa nje hajafundwa.

Nimekaa miaka mingi kwenye kamati ya sikukuu katika parokia moja ya Tanga mjini, kwanza nikibeba maji, baadaye nikiwa katibu. Mfano wangu hapa ni Mtakatifu Antoni wa Padua, kwa sababu Kanisa Kuu la Jimbo letu, pale Chumbageni, ni lake. Kama somo wenu ni mwingine, badilisheni tarehe na habari za maisha yake, kazi ni ileile.

Hatua ya kwanza: tarehe, kabla ya kitu kingine chochote

Katika kalenda ya Kanisa zima, tarehe 13 Juni Antoni ana kumbukumbu tu. Katika kanisa lenye jina lake siku hiyohiyo inapanda daraja na kuwa sherehe: Utukufu unaimbwa, Nasadiki inasaliwa, masomo yanakuwa matatu, mavazi ni meupe. Masifu ya jioni ya tarehe 12 tayari ni ya sherehe, kwa hiyo mkesha una nafasi yake halali na msiuone kama nyongeza ya vijana.

Kazi ipo kwenye siku ya juma. Ikiwa Jumanne, nusu ya waamini wako kazini. Taratibu za kalenda zinaruhusu sherehe ya somo kuadhimishwa Dominika ya kipindi cha kawaida, lakini si Dominika ya Majilio, Kwaresima wala Pasaka, na si Dominika yenye sherehe nyingine kubwa. Mwaka 2025 tuliliona hilo waziwazi. Tarehe 13 ilikuwa Ijumaa, na Dominika zote za jirani zilikuwa na wenyewe: tarehe 8 Pentekoste, 15 Utatu Mtakatifu, 22 Mwili na Damu ya Kristo, 29 Petro na Paulo mitume. Hapakuwa na pa kukimbilia. Mwaka 2026 tarehe 13 ni Jumamosi na Dominika inayofuata iko huru. Mwaka 2027 inaangukia Dominika yenyewe, na hapo hakuna mjadala.

Wenye somo Yosefu, tarehe 19 Machi, karibu kila mwaka mko ndani ya Kwaresima. Ikiangukia Ijumaa msihofu kuhusu nyama, sherehe inaondoa katazo la siku hiyo.

Mpelekeeni baba paroko kalenda ya liturujia na mapendekezo mawili ya siku. Akishaamua, tarehe itangazwe na isiguswe tena. Kama mnamtaka baba askofu, barua iende mapema sana, maana ana parokia nyingine za kutembelea, tena hizo za milimani Lushoto si za kwenda na kurudi haraka.

Kamati, na nani apike

Anzeni miezi mitatu kabla. Kamati ndogo tano zinatosha: liturujia, fedha, chakula, mapokezi na ulinzi, na huduma ya kwanza. Kila moja iwe na mtu mmoja anayejibu, na namba yake ya simu ibandikwe mlangoni mwa ofisi ya parokia.

Jambo moja nalisema kwa uchungu. Miaka mingi nimewaona akina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, wakiisikia Misa ya somo kwa kipaza sauti, wamekaa kwenye moshi nyuma ya ukumbi, macho mekundu, huku sisi tuko ndani tumevaa vizuri. Wao ndio walioishonea parokia vitenge vya sikukuu, na wao ndio hawakuonekana navyo kanisani. Hili lina dawa. UWAKA, umoja wa wanaume Wakatoliki, wakabidhiwe moto, nyama na sufuria kubwa tangu usiku, kwa zamu, na walio zamu wapate Misa ya kwanza ya saa 12 asubuhi. Mwanzoni wanaume walisema pilau itaungua. Sufuria moja iliungua, ni kweli. Mwaka uliofuata hakuna iliyoungua.

Mchango

Gawanyeni bajeti kwa jumuiya, yaani vikundi vidogo vya waamini wa mtaa mmoja, lakini msigawanye sawasawa. Jumuiya ya wafanyakazi wa bandarini na jumuiya ya wajane wenye vibanda vya mboga haziwezi kupewa kiasi kimoja. Wasio na fedha watoe vitu: mchele, nazi, kuni, vitunguu, kuku, nguvu za mikono. Mwezi Juni machungwa ya Muheza yapo, na gunia moja la machungwa ni mchango kamili, liandikwe kwenye daftari kama linavyoandikwa lile la noti.

Majina ya wasiomaliza kutoa yasisomwe kanisani. Kiongozi wa jumuiya aende nyumbani, aulize kuna nini. Mara nyingi atakuta mgonjwa.

Na msitoe kadi za chakula. Mwaka mmoja tulitoa: aliyechangia anapewa kadi, na kadi ndiyo inayomfikisha kwenye sahani. Nilikuwa mimi niliyesimama mbele ya foleni na kalamu, nikiweka alama. Akaja bibi mmoja wa Ngamiani na mjukuu wake. Mtoto alikuwa ameshika sahani tayari, ameikumbatia kifuani. Nikauliza kadi. Bibi hakubishana na mimi. Aliichukua ile sahani mikononi mwa mtoto, akaifunika kifudifudi juu ya meza, taratibu, kama mtu anayemaliza kuosha vyombo vyake, akamshika mjukuu mkono wakaondoka. Na hiyo ilikuwa sikukuu ya Antoni, mtakatifu ambaye jina lake limekuwa jina la mkate wa maskini. Kikao kilichofuata niliomba utaratibu ule ufutwe, ukafutwa, na chakula hakijawahi kupungua kwa sababu hiyo.

Novena: hapa ndipo sikukuu inapopikwa

Kama muda wenu ni mchache na mnaweza kufanya jambo moja tu vizuri, lifanyeni hili. Novena ya Antoni, yaani sala za siku tisa, inaanza tarehe 4 Juni na kumalizika tarehe 12. Msiifungie kanisani. Ipelekeni mitaani, kila jioni kanda moja: leo Makorora, kesho Mikanjuni, keshokutwa Duga, saa 11 jioni watu wakitoka kazini. Sanamu ndogo ya somo inalala nyumba iliyosali, na jioni ya pili wenye nyumba wanaisindikiza wenyewe hadi nyumba inayofuata. Pamoja nayo husafiri kapu. Kila nyumba inatia kitu: kilo ya unga, sabuni, daftari.

Kila jioni isimuliwe sehemu moja ya maisha yake, dakika kumi, na katekista au mtu aliyejiandaa. Sisi tunagawanya hivi. Siku ya kwanza, mtoto Fernando aliyezaliwa Lisbon, Ureno, mwaka 1195, kabla hajaitwa Antoni. Ya pili, kijana mtawa wa Kiagustino kule Coimbra, mwenye vitabu na utulivu. Ya tatu, mwaka 1220 inaletwa Coimbra miili ya Wafransisko watano waliouawa Moroko, naye anaiacha nyumba yake na kuwa Mfransisko ili afuate njia yao. Ya nne ndiyo watoto wa Tanga wanayoipenda: Antoni alipanda chombo kuja Afrika. Alifika Moroko akaugua, akalazimika kurudi, na njiani tufani ikamtupa Sicily. Watu waliokulia karibu na bahari hawahitaji kuelezwa maana ya kutoka ukielekea kwingine na upepo ukakupangia safari yako. Siku ya tano ni ile ya Forlì, Italia, mwaka 1222, ambapo mtawa aliyekuwa amejificha kwenye kazi ndogondogo za nyumba aliambiwa ghafla ahubiri, na wote wakashangaa.

Siku ya sita iacheni iende taratibu. Hiyo ni siku ya deni. Antoni alihubiri kwa ukali dhidi ya wakopeshaji waliokuwa wakiwakamua maskini wa Padua, na Machi 1231, kwa ombi lake, mji ule ulibadilisha sheria ili mdaiwa aliyekwisha kutoa mali yake yote asifungwe tena gerezani kwa deni. Simulieni hilo katika uwanja wa nyumba yoyote ya uswahilini halafu mnyamaze kidogo. Mwaka wa kwanza tulipofanya hivyo, dada mmoja mwuza samaki alifungua mkoba wake akatoa karatasi ya mkopo wa kausha damu, ile ya riba kubwa, imekunjwa mara nne, akaiweka kwenye mkeka mbele ya sanamu. Baada yake wengine wawili. Jumuiya ile ilianzisha kibubu cha kukopeshana bila riba jioni ileile, na kipo mpaka leo. Kwa hiyo wekeni jioni hiyo mtu anayejua hesabu, na muwe tayari kusikiliza kuliko kuhubiri.

Siku ya saba ni kifo chake, Arcella nje ya Padua, Ijumaa tarehe 13 Juni 1231. Ya nane, kutangazwa mtakatifu tarehe 30 Mei 1232, hata mwaka haujatimia, na lile kaburi lililofunguliwa mwaka 1263 ulimi wake ukakutwa haujaoza. Mwaka 1946 Papa Pius XII alimtangaza Mwalimu wa Kanisa. Ya tisa, mkate: masimulizi ya kale ya mama wa Padua ambaye mtoto wake alikufa maji, akamwomba Antoni na kuahidi kuwapa maskini ngano yenye uzito wa mtoto, na mtoto akarudishiwa uhai. Leteni mizani ya dukani. Pimeni mtoto mmoja mbele ya watu, kisha pimeni unga wa kapu mpaka ulingane naye. Watoto wa Utoto Mtakatifu, chama cha watoto cha parokia, hawasahau.

Tarehe 12, kapu likishakuwa makapu kumi, gawaneni. Kuna wagonjwa wa nyumbani ambao jumuiya zinawajua, na kuna wodi za hospitali ya Bombo, ambako inabidi kuomba ruhusa siku kadhaa kabla na kufuata masharti ya wauguzi.

Majirani, barua na mchinjaji

Tanga tunaishi mlango kwa mlango na Waislamu, na wengi wetu ni ndugu wa damu. Sikukuu isiyowahusisha majirani ina upungufu. Mchinjaji awe Mwislamu, aitwe mapema na apewe haki yake, ili kila atakayekuja ale bila wasiwasi. Kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, isiingie kabisa kwenye jiko la siku hiyo, hata kwenye sufuria ya pembeni, hata kwa wachache.

Barua za maandamano ziende polisi na kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa wiki mbili kabla, zikitaja njia, saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Pitieni njia hiyo kwa miguu na saa mkononi. Msikitini msipite wakati wa swala, na ikiwa ni Ijumaa hakikisheni barabara iko wazi kabla ya saa 6 mchana. Mwendeeni imamu mwenyewe, mkaongee naye ana kwa ana. Mara zote nilizokwenda nimerudi na baraka na kikombe cha kahawa.

Sanamu na maandamano

Sanamu nyingi ni za plasta, na plasta haisamehe. Ya kwetu ina Mtoto Yesu mkono mmoja na yungiyungi mkono wa pili, na lile yungiyungi limeshaunganishwa kwa gundi. Machela ya kubebea iwe ya mbao ngumu, yenye mipini mirefu ya kuwatosha wabebaji sita. Chini ya sanamu tandikeni kanga iliyokunjwa mara nne isiteleze. Fungeni kwa kamba ya katani, na hapa Tanga hatukosi katani: zungusheni kitakoni mara tatu, msalaba mbele, fundo nyuma, na kila mahali kamba inapogusa rangi pawekwe kipande cha kitambaa. Kisha maua yafiche kamba. Kamba ya nailoni inateleza, niliiona ikilegea katikati ya barabara, na sanamu ilidakwa kwa kifua cha kijana mmoja.

Wabebaji walingane urefu. Jumamosi moja kabla, wafanye mazoezi na mfuko wa saruji wa kilo 50 uliofungwa palepale sanamu itakaposimama, wazunguke uwanja, wapande ngazi, washuke ngazi. Wakiuweza mfuko, sanamu wataibeba wakiimba.

Utaratibu wa msafara: msalaba na mishumaa mbele, watoto, vyama vya kitume na bendera zao, kwaya, sanamu, watumikiaji na chetezo, mapadre, kisha watu wote. Juni kusi linavuma na mishumaa inazimika, hivyo kateni chupa za maji nusu mvitumie kama kingio. Masika yanakuwa yanaishia lakini mawingu hayajaaga, kwa hiyo karatasi kubwa ya nailoni ya kuifunika sanamu iwe mikononi mwa mtu mmoja anayejulikana. Litania ya Watakatifu ndiyo inayofaa barabarani kuliko nyimbo za sauti nne, maana hata aliye mwisho wa msafara anaweza kuitikia "utuombee".

Misa

Baba paroko na kamati ya liturujia ndio wenye neno. Mimi nasema ya pembeni. Somo la kwanza kwa Antoni kwa kawaida ni Isaya 61:1-3, na Injili ni Luka 10:1-9, ile ya wafuasi sabini na wawili. Somo la katikati lichaguliwe na padre. Wasomaji wasome kwa kipaza sauti chenyewe siku moja kabla. Kama baba askofu anatoa kipaimara siku hiyo, sala na masomo hubaki ya sherehe ya somo.

Kwaya zikiwa nyingi, moja iongoze Misa nzima na nyingine zipewe nafasi baada ya komunyo na kwenye chakula. Zikipokezana, kila moja inataka kuonyesha wimbo mpya na waamini wanabaki kuwa watazamaji kanisani kwao. Kwenye matoleo, mikate iende mbele pamoja na vipaji. Sisi tunatumia boflo za kawaida za dukani, na padre anaibariki kabla ya baraka ya mwisho. Kila mtu anaondoka na kipande, na mikate mizima inakwenda kwa wahitaji.

Hotuba za wageni zihamie chini ya turubai. Mafuta ya jenereta yapimwe asubuhi na mtu wa kamati mwenyewe, kwa kijiti. Mwaka mmoja tuliambiwa tangi limejaa, na sauti ikakata katikati ya mahubiri.

Chakula

Hesabu ya jiko letu: kilo moja ya mchele ni watu 8 wa pilau, na kilo moja ya nyama ni watu 8 pia, vipande vikiwa vya wastani. Watu 400 ni kilo 50 na 50, kisha ongezeni kilo 10 za mchele kwa ajili ya wasiotarajiwa, ambao watakuja na wanakaribishwa. Chungwa moja kila mtu. Moto uwashwe saa 10 alfajiri. Kachumbari ikatwe mwisho kabisa, watu wakiwa kwenye komunyo, na ioshwe kwa maji yaliyochemshwa. Ndoo za kunawia zenye bomba ziwekwe mwanzo wa foleni, kila moja na sabuni na mtu.

Mgongo wa turubai uelekee kusini, upepo usimwage mchanga kwenye sahani. Wazee na walemavu wahudumiwe walipoketi. Watoto wapakuliwe kwanza, kwa sahani zao na nyama yao, wasisubiri kilichobaki. Wageni wa heshima wale chakula kilekile, na nimeona mapadre wakifurahia zaidi wakiketi mkekani na wazee wa vigango kuliko kwenye meza ya juu yenye vitambaa. Anayegawa nyama awe mtu mzima mwenye moyo, asiyeangalia sura ya mtu. Ikibidi nichague nafasi moja ya kuiombea, ni hiyo.

Siku inayofuata

Sanamu ifunguliwe kamba mchana wa mwanga, ikaguliwe mikunjo ya kanzu na vidole, irudishwe mahali pake. Vitambaa vya altare vifuliwe na masista au wanaohusika. Uwanja ufagiliwe na vijana kabla ya Misa ya jioni. Ndani ya wiki moja hesabu ibandikwe mlangoni: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, pamoja na magunia ya machungwa na kuni. Kibaki kidogo au kikubwa, kijulikane kinakwenda wapi.

Sufuria za kuazima, hasa za majirani wa msikitini, zisuguliwe kwa mchanga na majivu mpaka zing'ae, zirudishwe kabla ya siku tatu, na ndani ya kila moja pawe na boflo.